Nyumba ya vyumba vitatu ni shilingi ngapi? Tulifungue hili suali

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, nyumba nzuri ya vyumba vitatu, bati rangi ya damu ya mzee, baraza mbele, na chini yake imeandikwa "jenga kwa milioni 25 tu". Binti ami yangu anafanya kazi Muscat, ana kiwanja chake Dimani alikinunua miaka minne nyuma, akanipelekea ile picha na sauti juu yake, "Kaka, hii kweli? Mana'ke mimi thalathini ninayo, na hiyo tano itakayobaki ntanunulia samani." Sikumjibu siku ile, jawabu lake haliingii kwenye sauti ya dakika moja. Na si yeye peke yake, kila baraza ninayokaa hapa Unguja suali ni hilo hilo, nyumba ya vyumba vitatu shi' ngapi, na kila mtu anataja namba yake, mmoja ishirini mwengine themanini, na wote wanaapa.

Na wote wanaweza kuwa wanasema kweli. Ni kama mtu akuulize pilau ya harusi ni kiasi gani. Mpishi atakutajia mchele, nyama, viungo, sufuria moja bei yake hii. Lakini ukishamlipa mpishi bado hujalipa maturubai, viti, maji, gari ya bibi harusi, na wale wageni mia waliokuja bila kadi. Mwenye namba ya ishirini anazungumzia sufuria, mwenye themanini anazungumzia shughuli nzima mpaka mkeka wa mwisho umekunjwa.

Sasa tuwekane sawa kwenye maneno kwanza. Watu wakisema "kujenga" wengi wanafikiria boma, yaani kuta kutoka msingi mpaka lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Boma ni fungu moja tu. Kabla yake kuna kiwanja chenyewe na kukitayarisha, kuna makaratasi yaani ramani na kibali cha ujenzi. Baada yake kuna paa, kisha umaliziaji au finishingi, ambayo ni plasta, sakafu, milango, madirisha, dari, rangi, waya na mabomba. Pembeni kuna huduma, maji, umeme na karo la choo, yaani shimo la maji machafu. Na juu ya yote kuna akiba ya dharura. Bajeti ni hayo yote. Ile orodha ndefu inayotaja kila kifaa na kila kazi na kiasi chake ndo wanaiita BOQ, na mkadiriaji wa majengo anaitoa kwenye ramani, kwa hivyo mtu asiye na ramani akikutajia bei ya nyumba yako anakutajia bei ya nyumba ya mtu mwengine.

Nianze na kiwanja, hapa ndo pesa inaanza kuvuja mtu hajui. Wengi tunasema "nimenunua ardhi". Kwa sheria yetu ya mwaka 1992 ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na iko mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, ulichonacho wewe ni haki ya kuitumia. Karatasi mliyoandikiana mbele ya sheha ni ushahidi kwamba mmekubaliana, lakini bado hujasajiliwa Kamisheni ya Ardhi, na kazi hiyo ina gharama zake za upimaji na karatasi. Iweke kwenye bajeti kabla hujanunua tofali la kwanza. Nyumba inaweza kuvunjwa ikajengwa tena, lakini kiwanja chenye mgogoro kinakula miaka yako.

Halafu udongo. Wazee wetu walikuwa na majina ya udongo kwa sababu ya kulima, na majina yale yale yanakusaidia kwenye bajeti. Kichanga, kinongo, kinamo, uwanda, maweni. Kinongo kizuri unachimba msingi kwa jembe na chepeo unaendelea na maisha yako. Kinamo ule udongo mzito wa mabondeni kwenye mpunga, ukinyesha unavimba ukikauka unapasuka, na nyumba inapasuka nao, hapo unahitaji msingi mkubwa na kifusi cha kunyanyua kiwanja, na fuso kadhaa za kifusi si pesa ya kuchezea. Tumeshaona masika maji yalivyojaa mabondeni maeneo ya Mwanakwerekwe, basi ile bei rahisi ya kiwanja cha bondeni ulishailipa, ila utailipa mara ya pili kwa kifusi. Maweni ndo kinyume. Kule Makunduchi, Jambiani, Nungwi, na Pemba upande wa Micheweni, msingi hauendi chini sana maana jiwe lipo pale pale, mtu anafurahi, msingi rahisi. Anasahau karo.

Kiwanja cha binti ami yangu nilikwenda mwenyewe na vijana wawili na mtaimbo. Upande wa juu udongo mwekundu futi moja tu, kisha mtaimbo ukalia "kwaa" ukaruka. Tukahamia pembe ya chini, pale ukaingia futi nne hivi. Asubuhi ile ya kutoboa tundu sita imetugharimu chai na posho ya vijana tu, na imetuambia karo likae wapi. Bila ya hivyo ramani ingeliweka pembe ya juu na wangekaa wiki wanapiga jiwe kwa nyundo. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yalinikuta kwenye nyumba yangu, fundi niliyempa kazi alinambia karo ni siku nne, zikafika kumi na tisa, kila jioni natoa posho, na shimo bado haliingii mtu mpaka kifuani. Pesa ya madirisha yote ilizama mule.

Kwa Pemba kuna jengine, ardhi ni vilima na mabonde, kiwanja kimelala kwa hivyo msingi unapanda kama ngazi, upande mmoja kozi mbili, yaani safu mbili za matofali, upande wa pili kozi saba. Ukihesabu mawe kwa kiwanja cha tambarare utapungukiwa. Na ongeza bahari, kitu kikitoka Bara kikapitia Unguja ndo kikavuka tena, kila kivuko kinataka chake.

Sasa kuta na hesabu zake, na hapa naomba msome polepole maana ndo kiini cha mkanganyiko. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12, hiyo ni mita za mraba 120, vyumba vitatu, ukumbi, jiko na vyoo viwili inatosha. Ukizunguka nje ni mita 44. Kuta za ndani tuseme 36. Jumla mita 80 za ukuta, zikienda juu mita 3 ni mita za mraba 240, toa milango na madirisha 30, zinabaki 210. Tofali la inchi 18 kwa 9 likiwa na udongo wake wa kuungia linakwenda kama 9 kwa mita ya mraba, weka 10 kwa sababu ya yanayovunjika kwenye gari ya ng'ombe na yanayokatwa kona. Ni matofali 2,100. Kozi nne za msingi ni kama 680. Jumla matofali 2,800 hivi. Hii hesabu unaifanya kwa kalamu na karatasi, huhitaji kompyuta, na fundi akikwambia yanataka 4,500 una haki ya kumuuliza yanakwenda wapi.

Zege la chini, mita za mraba 120 kwa unene wa sentimita 10 ni mita 12 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa moja mbili nne, saruji ndoo moja mchanga mbili kokoto nne, kila mita ya ujazo inakula mifuko 6 na nusu hivi ya kilo 50. Mifuko 78. Sawa.

Mtu akifika hapo anaona nyumba imesimama, anapiga picha anapeleka kwenye grupu la familia, watu wanasema mashaallah imebaki kidogo. Haijabaki kidogo. Angalia ile kuta yako ya mita 210, ukuta una nyuso mbili, ndani na nje, kwa hivyo plasta ni mita 420. Hiyo plasta peke yake kwa unene wa sentimita moja na nusu inakula mifuko 40 mpaka 50 ya saruji. Rangi nayo ni nyuso zile zile 420, na rangi inapigwa mikono miwili, kwa hivyo brashi inatembea mita 840. Na paa, watu wanadhani nyumba ya mita 120 ina paa la mita 120. Ongeza upenu sentimita 60 kila upande, lazima maana bila upenu mvua ya masika inapiga ukuta mpaka chumba kinanuka ukungu, tayari umefika 148, halafu paa limelala, likiwa na mlalo wa kawaida linafika 163. Zaidi ya thuluthi juu ya ulichofikiria, na hapo sijataja bati linavyopandiana.

Kwa hivyo mtu akisema boma limekwisha, nusu ya pesa bado iko mbele yake, na mara nyingi zaidi ya nusu. Boma ni saruji, mchanga, mawe na jasho. Finishingi ni taili, nyaya, mabomba, vioo, aluminiamu, vitasa, na vingi katika hivyo vinatoka nje, dola ikipanda navyo vinapanda. Ukitoka mjini ukaenda mpaka Tunguu hesabu mwenyewe majumba yaliyosimama kuta tupu na mpapai umeota chumbani. Wale watu si wazembe. Walihesabu boma wakaita nyumba.

Ndo mana mimi kila anayeniuliza namwambia aache kutafuta namba moja, atafute pahala pa kusimama. Jengo lina vituo viwili ambavyo ukisimama mwaka mzima, hata miwili, huharibikiwi na kitu cha maana. Cha kwanza msingi ukishajazwa, ukashindiliwa, ukamwagwa zege juu. Hapo mvua inyeshe jua liwake, nyasi zikiota unazing'oa. Cha pili paa likishaezekwa. Baina ya viwili hivyo hakuna pa kusimama. Ukuta usio na mkanda juu unakunywa maji kutoka kichwani, mbao za paa zisizo na bati zinajipinda, na nondo zilizoachwa wazi kwenye hewa yetu ya chumvi zinalia kutu, mwaka mmoja tu unaona michirizi myekundu inashuka kwenye nguzo. Kwa hivyo usinyanyue kozi ya kwanza ya ukuta mpaka pesa ya ukuta na ya paa ziwe mkononi zote mbili kwa pamoja. Msingi anza nao hata kwa pesa ndogo, lakini kutoka msingi mpaka bati ni safari moja, haina stendi katikati. Na uihesabu na miezi, masika inaingia Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Disemba, mimi ningenyanyua kuta Juni nikaezeka kabla ya vuli.

Kuna maneno mengi mitaani hapa lazima niyaguse. La kwanza, "nakusanya vifaa kidogokidogo, ni akiba." Nusu kweli. Mawe, kokoto, matofali yaliyokomaa, hivyo vinakaa na vikipanda bei wewe umesalimika. Mchanga unakaa pia, na mchanga hapa kisiwani ni mali khasa, mashimo yamekula mashamba mpaka serikali ikaweka mkono kwenye uchimbaji, kwa hivyo bei yake ya leo usiibebe mpaka mwakani. Lakini saruji haikai. Kwa unyevu wetu huu mfuko ukipita miezi mitatu stoo unaanza kushika mabonge, na ukishaona bonge lisilovunjika kwa vidole basi hiyo usiitie kwenye nguzo. Kuna mtu namjua alinunua mifuko 100 kabla ya Ramadhani kwa sababu ya punguzo, akaja kuitumia baada ya Mfungo Tatu, thuluthi yake ilikuwa mawe.

La pili, "mchanga wa pwani ni huo huo tu." Hapana jamani. Una chumvi, na chumvi inaamsha kutu ya nondo ndani ya zege, kutu inavimba, zege linabanduka. Unaokoa tripu mbili za mchanga unapoteza slabu. Na mazingira ya pwani yetu ndo hayo yanaliwa na bahari, tuache.

La tatu, "naweka msingi wa ghorofa, ntapandisha baadae inshaallah." Hili linauma sana kwa sababu ni ndoto nzuri. Msingi wa ghorofa una nguzo, nondo nene, mashimo makubwa, na unamaliza pesa ambayo ingekuezekea nyumba ya chini ukahamia ukaacha kulipa kodi. Kama huna tarehe ya hiyo ghorofa, jenga ya chini. Nimeona watu wanakaa kwenye kodi miaka kumi na nondo zao zinaangalia mbingu.

La nne ni bati. Geji 30 watu wanadhani nene kuliko geji 28 kwa sababu namba kubwa. Ni kinyume, namba ikipanda bati linakonda. Karibu na bahari bati jembamba ni kulinunua mara mbili. Na nondo vile vile usiamini macho, nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo 10 na nusu na zaidi kidogo. Dukani mizani ipo, iombe. Ikisoma nane na nusu hiyo si kumi na mbili, wamekuuzia jina.

Tuje kwa fundi. Kuna njia tatu za kukubaliana. Kwa siku, unalipa posho, hii nzuri kwa kazi ndogo ila kazi inarefuka. Kwa ufundi tu, vifaa juu yako na yeye bei ya kazi nzima mnaigawa kwa hatua, hii ndo wengi wetu tunaitumia. Na kwa yote, yeye vifaa yeye kazi, unasubiri ufunguo, hii inataka mkataba wa maandishi na BOQ la sivyo utachagua taili na utawekewa nyengine. Njia yoyote ile, usilipe hatua ambayo hujaiona kwa macho au kwa mtu wako. Na kwa walioko nje, Omani, Uingereza, Marekani, kumpa ndugu asimamie si bure hata kidogo, ndugu ana nauli, ana simu, ana siku zake za kazi anazoziacha. Mwekee fungu lake kwenye bajeti kwa jina lake, kwa heshima, la sivyo litatoka kwenye mifuko ya saruji na mtagombana maisha. Hili nalisema nikiwa mimi ndo huyo ndugu.

Huduma watu wanaziandika mwisho kwa penseli. Umeme, kama nguzo za ZECO, shirika letu la umeme, ziko mbali na kiwanja chako gharama ni nyengine kabisa, kwa hivyo kaulize kabla ya kununua kiwanja, si baada ya kupaka rangi. Maji ya ZAWA, mamlaka yetu ya maji, maeneo mengi hayatoki saa zote, kwa hivyo tangi na pahala pa kuliweka juu si anasa ni sehemu ya nyumba. Kisima ukiwa karibu na pwani onja kwanza ya jirani.

Na akiba, weka asilimia 10 mpaka 15 ya jumla, na isiguswe kwa kupandisha daraja la taili. Hiyo ni ya jiwe chini ya karo, ya meli iliyochelewa, ya mvua iliyoangusha ukuta wa jana.

Basi nikarudi kwa binti ami yangu na hesabu hizi zote, tukazungumza karibu saa nzima Ijumaa kabla ya magharibi. Nyumba ya vyumba vitatu yote kwa thelathini haifiki, atafika kwenye kuta tupu. Akanyamaza, nikajua imemuuma. Nikamwambia ramani tutachora ya vyumba vitatu kamili, tuchukue na kibali chake, lakini tutajenga vyumba viwili, jiko na choo kwanza, tuezeke, na ule ukuta wa upande wa chumba cha tatu tutauachia meno ili tofali jipya lije lishikane na la zamani. Akaniuliza, "Na baraza je?" Nikamwambia baraza matofali yake hayafiki mia, hiyo ipo.

Karo limeshachimbwa, pembe ya chini, siku tatu tu. Mawe ya msingi yanashushwa Jumatano.